Kaburi la Kaka Fransisko

Mgeta, Morogoro
3 Juni 1998

Mpendwa kaka Deogratias,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, na mguu umeacha kukusumbua. Wifi na watoto hawajambo? Sisi tu salama, ila mvua za mwaka huu zimetutenda. Kabichi zimeoza shambani, barabara imekatika, mboga tunabeba kichwani kwenda kutafuta gari.

Tangu tumzike kaka Fransisko mwaka jana, wasomaji wake hawaishi kuja. Wiki iliyopita alikuja Bwana Abasi, mhadhiri wa Mzumbe, na kamera yake. Alisema vitabu vya kaka ndivyo vilivyomfundisha kusimama akasikiliza ndege. Siku hizi havichapwi tena, na lile duka la vitabu mjini sasa linauza mitumba. Nilimpikia viazi, nikamsimulia jinsi marehemu alivyochelewa shuleni kwa sababu kinyonga alikuwa anavuka njia naye hakutaka kumharakisha. Mwalimu mkuu alimfokea, yeye akaenda kuandika kurasa nne za kinyonga huyo. Tulicheka sana. Kisha mgeni akaomba kupiga picha kaburi, nikamwambia njia inateleza.

Kaka, hiyo haikuwa sababu, na kabla hujaja Desemba na wageni uliowaalika, bora uisikie kwangu. Kaburi halijajengwa. Alipokuwa mgonjwa, Fransisko aliniomba nisimwekee saruji wala jina. Alisema maisha yake yote amewasihi watu wauache ukingo wa msitu kama ulivyo, iweje yeye ndiye aumwagie zege. Nilimwambia kaka Deo atakasirika. Akasema wewe hukasirika asubuhi, ukishakula mchana umesahau.

Saruji uliyotuma ya kujengea kaburi niliipa zahanati ya misheni, maana hawakuwa nayo. Fundi Maneno alipofika na mwiko wake, nilimpeleka huko, akasakafia chumba cha wazazi. Vigae ulivyotuma pamoja nayo viko chini ya kitanda changu. Padre anajua. Nisamehe kwa kutokuuliza. Niliogopa ungekataa, nami nilikuwa nimeshamwahidi.

Lakini lililonikalia moyoni ni jingine. Jumapili nilipanda hadi mwisho wa shamba la mama, pale ukingoni mwa msitu tulipomzika, kumwombea. Mvua zimesawazisha udongo, majani yameota kila mahali, na msalaba wa miti tuliouchomeka siku ya maziko umekwenda na maji. Nilisimama, nikasogea, nikapiga magoti, na sikuwa na hakika kama ni hapo. Nililia, kaka. Nimemfanyia alichotaka, na sasa sijui amelala wapi.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mwanangu Chausiku anakuamkia, na majirani wanakuulizia. Ukija, tangulia peke yako kabla ya wageni. Tutapanda wawili, tuuombee ukingo wote.

Mimi mdogo wako,
Kristina