Kesi ya Nyacheki na Profesa Asiyefika Kortini

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mvua imeshika Kisii tangu saa sita na haina dalili ya kuchoka. Nimevua viatu vya sherehe, nimechemsha chai.

Leo tulimsherehekea Profesa, mkuu wetu wa kitivo cha sheria.

Mbele ya ukumbi walitundika picha yake kubwa kuliko mlango. Ndugu zake walijaza basi zima kutoka Birongo, wakaimba alipoingia. Yeye alipita katikati yao polepole, mkono kifuani, akijifanya hakutarajia. Ratiba nzima aliipanga yeye, mpaka wimbo.

Nimemjua tangu ofisi yake ilipokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Mimi nilikuwa nimetoka Homa Bay na shahada mpya, nikifanya mafunzo ya uwakili chini yake. Hakuwa wakili mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Alikuwa hodari. Angeweza kusoma faili kwa nusu saa akaona shimo ambalo wenzake hawakuliona mwezi mzima. Nusu saa yenyewe ndiyo haikupatikana. Alikuwa redioni, alikuwa kwenye semina, alikuwa akipigwa picha akimkabidhi mtu kitu.

Kesi iliyompa jina ni ya Mama Kwamboka, mjane kutoka Nyacheki. Mumewe alipofariki, shemeji alikwenda kimyakimya akaliandikisha shamba la majani chai kwa jina lake, huku mama akiendelea kulichuma bila kujua. Alipojua, alikuja kwa Profesa.

Siku ya kusikizwa, Profesa hakuja. Alikuwa Kisumu, hotelini, akiwafundisha watu haki za wajane.

Jaji alisubiri, akauliza tena. Mimi sikuwa na ruhusa ya kusema mbele yake, nikabaki nimesimama na faili kifuani. Kesi ikatupiliwa mbali.

Baada ya miezi, shemeji alifika shambani na watu wa kupima mipaka. Mama Kwamboka alishuka mpaka masijala ya korti, akaomba asomewe faili yake. Kisha akaanza upya. Alisimama mbele ya jaji bila wakili, kupitia mkalimani, akaeleza kwa nini kesi yake ifufuliwe. Ikafufuliwa. Alileta majirani watatu waliomwona marehemu akipanda michai ile mche kwa mche. Akashinda.

Siku ya hukumu Profesa alifika. Alifikia kwenye ngazi za nje, palipokuwa na kamera, akamshika mama mkono, akatabasamu.

Picha hiyo ndiyo iliyompandisha. Ilimpa mwaliko wa kufundisha, ikampa kitivo, na sasa inasemekana atapewa kikubwa zaidi. Kila mwaka wanafunzi wapya husimuliwa jinsi alivyopigania chozi la mjane. Nimeketi nyuma ya darasa nikisikia hadithi hiyo mara nyingi, nikiitikia kwa kichwa kama mbuzi. Kisha nakwenda kumsahihishia mitihani.

Kamati iliniomba nisome wasifu wake. Aliuandika mwenyewe, na Nyacheki ilikuwa na aya nzima. Mkataba wangu wa kufundisha kitivoni unaisha mwezi ujao, na sahihi ya kuurefusha ni yake. Kwa hiyo nilipanga kuiruka aya hiyo. Nisiseme uongo, nisiseme ukweli. Niliona huo ni ujanja. Ulikuwa woga tu.

Nikasoma, nikaruka, nikaendelea.

"Akinyi, umeruka Nyacheki," alisema Profesa kutoka kiti chake, akiugeukia ukumbi kwa tabasamu. "Hiyo ndiyo watu wamekuja kusikia."

Hakuniita mwalimu wala wakili. Aliniita kama mtu anayeitisha chumvi.

Nadhani angenyamaza, ningemaliza na kuketi. Lakini hakutosheka na sifa tano, alitaka na ya sita, ile ambayo haikuwa yake. Nikakunja karatasi.

"Profesa, kesi ile ilitupiliwa mbali kwa sababu hukufika kortini. Mama Kwamboka aliifufua peke yake, akashinda bila wakili."

Mabati yalipigwa na mvua. Mtu mmoja kwenye viti vya Birongo alicheka, akidhani ni utani, kisha akaacha. Mshereheshaji akaita kwaya. Kwaya ikaimba. Keki ikakatwa kana kwamba sikusema kitu, na wasomi wote wale wa sheria wakapanga foleni wameshika sahani.

Wawili walinipongeza kwenye korido, kwa kunong'ona, wakiangalia nyuma.

Yeye alinijia na keki yake mkononi. Nilitarajia akane, au akasirike. Alisema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nimekupangia makubwa," akaenda kusalimia askofu. Hakuona hata haja ya kuutetea uongo wake. Alijua ukumbi ule utaulinda kwa niaba yake, na haukumwangusha.

Ningeishia hapo nikalala nikijiona shujaa.

Lakini kuna jambo sikulisema ukumbini. Siku ile kesi ilipotupwa, nilimpigia Profesa simu. Akaniambia nimwambie mama imeahirishwa. Mama Kwamboka hakuwa ameelewa Kiingereza cha mle ndani. Alinishika mkono nje ya korti, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kubahatisha wamesema nini.

Nikamwambia imeahirishwa.

Akanishukuru. Alikuwa amenibebea ndizi mbivu, nikazipokea. Miezi yote ile aliyokaa akingoja tarehe ambayo haikuwepo, aliingoja kwa neno langu mimi, wala si la Profesa. Leo nimemvua mwenzangu nguo mbele ya watu, na zangu nikabaki nazo mwilini, zimepigwa pasi.

Jumatatu asubuhi sina darasa. Huenda hata kazi sina. Nitakwenda Nyacheki nimwambie, bila mkalimani, maana hili si la kusemewa na mtu. Ekegusii changu, lugha yake, ni cha kusalimia na kuulizia bei. Sijui kusema "nilikudanganya".

Nina kesho nzima ya kujifunza.