Mlango wa Uani

Kaka yangu,

Salamu ulizomtuma fundi viatu zilitufika, tukazipokea kwa mikono miwili. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanayomsumbua.

Habari ya mtaani sasa ni ghorofa. Watu wa manispaa wanataka kubomoa nyumba zetu wajenge mpya, na juzi walimtuma afisa wao atuite ukumbini tutoe maoni. Walileta mfano wa karatasi ngumu, mtaa mzima juu ya meza. Kinyozi aliuliza kiti chake kitawekwa wapi. Jirani yetu mshonaji aliuliza cherehani itapandaje ngazi. Mimi nilikubali, maana paa letu linavuja mpaka kitandani.

Mama akasimama, akauinamia ule mfano kama anayechambua mchele. "Mwanangu, mlango wa uani uko wapi?"

Yule afisa akamweleza kwa upole kwamba ghorofani hakuna mlango wa uani. Watu wakacheka.

"Basi mimi sikubali," mama akasema. "Nina mtoto ambaye haingii kwa mbele."

Kicheko kikakatika. Mtaa mzima unajua ulivyokuwa ukimkwepa baba. Wasichojua ni kwamba tangu tumzike, bila wewe, mama hajautia komeo mlango ule hata siku moja.

Sikulaumu, kaka. Aliyekufanya uzungukie nyuma hayupo tena. Njoo kabla hawajabomoa, na safari hii upite mbele, ili mama aanze kuzoea.

Ni mimi mdogo wako, uliyeniachia kitanda kinachovujiwa.