Picha ya Alimasi Bila Kofia

Fizi-Centre, wakati wa kiangazi

Kwako Mama yangu,

Kabla ya yote naomba uniambie miguu inaendeleaje. Kaka Kasongo alinieleza kwenye simu kwamba umeanza tena kwenda misa ya asubuhi kwa miguu. Nilifurahi, halafu nikaikumbuka njia ile ya parokia na mashimo yake. Tembea na fimbo, Mama, hata kama Shangazi anakucheka. Mto umeshuka huko Kindu? Mpunga wa mwaka huu umekuwaje?

Mimi ni mzima. Huku juu Fizi asubuhi ni baridi, tunavaa sweta mpaka jua lipande, na kazi ya hospitali ni ileile, wajawazito, malaria, watoto. Najua unasikia habari mbaya za huku kwenye redio, na nyingine ni za kweli. Lakini wiki hizi kumetulia, na tunalala vizuri.

Nakuandikia kwa sababu ya yale tuliyozungumza kwenye simu. Nilipokuambia kwamba Alimasi, yule fundi wa injini za mitumbwi wa Baraka anayetaka kunioa, ana uso ulioungua upande wa kushoto, ulinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu ukasema, “Nitumie foto nimuone.” Sikukasirika, Mama. Mzazi yeyote angesema hivyo. Shida ni kwamba sikuwa na picha yake hata moja. Petroli ilimlipukia akitengeneza injini, zamani, kabla hatujajuana, na tangu siku hiyo mtu akitoa simu kupiga picha, yeye huvuta kofia chini akageuka.

Likizo yangu ilikuwa inakaribia. Mimi na Riziki, muuguzi mwenzangu ninayekaa naye nyumba moja, tulikuwa tumekubaliana kushuka Baraka tupumzike ufukweni, tuoge ziwani, tule samaki, tulale mchana kama watu wasio na kazi. Nikasema nitampiga Alimasi picha huko. Ninayo ile kamera ndogo aliyonipa Kaka Kasongo, lakini ilikuwa imekaa tu sandukuni, maana kila picha niliyopiga ilitoka nyeusi au imetikisika. Sikutaka umwone mkwe wako kwa mara ya kwanza akiwa kama kivuli.

Basi nikaenda kwa Mama Neema. Ni mjane, ana chumba cha kupigia picha karibu na soko, na pazia la bluu ukutani. Wanafunzi wakitaka picha za diploma huenda kwake, na arusi za Fizi karibu zote anazipiga yeye. Nilimwambia nataka kujifunza kabla ya kwenda ziwani. Akaigeuza kamera yangu mkononi, akaipuliza vumbi, akasema, “Apareyi haina shida. Njo kila siku ukitoka kazi.”

Alianza kwa kunikataza kupiga. Alinisimamisha mlangoni nitazame tu nyuso za wapita njia, jua linawaangukia wapi. Saa sita, jua likiwa utosini, macho ya watu yalikuwa mashimo mawili meusi. Jioni, watu walewale walikuwa na mashavu, na macho yao yanang’aa. Nimekaa nao muda wote huu, Mama, na jambo hilo sikuwahi kuliona.

“Ukitaka foto ya muntu, angalia kwanza jua iko wapi,” alisema. “Ikiwa nyuma yake, utapata muntu mweusi kama makaa. Ikiwa mbele yake kabisa, atafunga macho. Mupeleke fasi ya kivuli, karibu na mwanga, uone.”

Alinifundisha kubana viwiko kifuani ili mikono isitetemeke, na kusogea karibu kwa miguu yangu badala ya kusimama mbali kama mtu anayeogopa mbwa. Nilifanya mazoezi kwa kila kitu, mbuzi wa jirani, wafagiaji wa hospitali, Riziki akisuka nywele. Mwanzoni nilikuwa nakata watu miguu. Mama Neema alicheka akaniuliza kama mimi ni muuguzi au mpasuaji.

Siku moja akaniuliza picha ninayoitaka sana ni ya nani. Nikamweleza yote, na wewe ulivyonyamaza. Akafuta kioo cha kamera yake kwa pindo la kikwembe alichojifunga, bila haraka.

“Naweza kukuonyesha namna ya kuficha,” akasema. “Unamugeuza kidogo, mwanga inatoka upande ya kuume, ile ingine inabakia gizani. Bantu bengi banaombaka vile. Bibi-arusi mwenye chunusi, baba mwenye jicho moja. Nafanya, na banafurahi.”

“Basi nionyeshe, Mama Neema.”

“Nitakuonyesha. Lakini mama yako atapokea foto, ao atapokea muntu?”

Akanionyesha kweli, akinikalisha mimi mwenyewe kwenye kiti karibu na dirisha, akanipiga, nusu ya uso wangu ikapotea kama imefutwa. Nilirudi nyumbani nikijua kuficha, na sikujua kama nitaficha.

Tulishuka Baraka kwa pikipiki, kila mmoja na dereva wake, vumbi mpaka kwenye kope. Unajua mto wetu, Mama, ng’ambo yake unaiona. Kule ziwani milima ya ng’ambo siku nyingine haipo kabisa, ni maji tu mpaka yanapokutana na mbingu. Tulifikia kwa shangazi yake Riziki, tukaweka mizigo, tukaenda moja kwa moja ufukweni. Wanawake walikuwa wameanika ndagala mchangani, samaki wadogo wanaometa kama sindano. Wengine wanafua, watoto uchi wanarukia maji. Riziki alivaa miwani ya jua aliyoazima, akajilaza mchangani kama bibi wa waziri, akaniamuru nimpige.

Picha zote za kwanza zilitoka vibaya. Maji yanang’aa kuliko nilivyotegemea, na Riziki mbele yake akawa mweusi tii, hata miwani huioni. “Feza, hii ni mi ao ni gogo?” akauliza. Nikakumbuka somo, nikamzungusha ili jua limpate ubavuni, nikapiga magoti karibu yake. Moja ikatoka nzuri mpaka akataka niitume kwa mchumba wake saa ileile. Tulioga mpaka vidole vikakunjamana, tukala samaki aina ya kuhe wa kuchoma na bugali, tukasinzia. Tangu nianze kazi sijawahi kupumzika vile.

Alimasi alikuja siku ya pili jioni, ametoka kazini, amenawa lakini mafuta bado kwenye kucha. Kofia yake kama kawaida, imeinamia kushoto. Akaketi kwenye ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa, akanipa upande wa kuume bila kuambiwa. Nilipiga. Alitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kadi ya uchaguzi. Nikampa kamera aone.

Akaitazama kwa muda. Kisha akasema, “Huyu anafanana na mi ya zamani, mbele ya ule moto. Ni kijana muzuri.”

“Nimtumie Mama hii?”

Akavua kofia, akaiweka gotini, akageuka mpaka jua lote likaangukia upande ule wa kushoto.

“Piga huku,” akasema. “Mama aliuliza sura yangu. Nikimupa nusu, siku nitafika kwake atasema nilimudanganya, na atakuwa na haki.”

Mama, mimi ni muuguzi, nimefunga vidonda vya moto vingi. Lakini nilipomtazama kupitia ile kamera, karibu, kwa utulivu, niliona jinsi ngozi ilivyovutwa kutoka sikioni mpaka kwenye kona ya mdomo, na jicho lisilofumba vizuri. Niliona pia ni kiasi gani alikuwa amejitoa kukaa pale watu wote wakipita. Nilibana viwiko, nikapiga mbili, tatu. Zote zilitoka ngumu, uso umekazwa kama wa mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Nikawaza, Mama akiona hizi ataona moto tu, mtu hatamwona.

Wakati huo mvuvi mmoja alikuwa anavuta kamba ya injini yake majini, haiwaki. Alivuta, akatukana, akavuta tena. Alimasi aligeuza kichwa. “Isikilize,” akamwambia, “inakunywa maji, hapana petroli.” Akainuka, akaingia ziwani na suruali yake, kofia ikaanguka mchangani na hakuiona. Aliinama juu ya injini, akaifungua, akapuliza kitu, akasema neno kwa Kibembe ambalo sikulielewa, na mvuvi akaangua kicheko. Injini ikawaka. Alimasi akainua uso akicheka naye, jua la jioni limempata usoni kote, kushoto na kuume.

Nilikuwa nimeshasogea kwa miguu yangu mpaka maji yamenifika magotini. Nikapiga hapo.

Ndiyo hiyo iliyo ndani ya bahasha, Mama. Mama Neema aliichapisha tuliporudi. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akasema tu, “Hii ni muntu,” akaifunga kwenye karatasi ili isikunjike. Dada Odette, mkunga wetu, anakwenda Bukavu na kutoka pale atapanda ndege ya Kindu, atakuletea mkononi.

Alimasi anaomba aje kuwasalimu wakati wa Noeli, pamoja na kaka yake mkubwa. Nimemwambia nitamjibu nikishasikia kutoka kwako. Mimi moyo wangu umeshaamua, sitakuficha. Lakini sitaki kuingia kwenye nyumba yake nikiwa nimekuacha wewe mlangoni.

Nisalimie Baba Mdogo, na umsomee sehemu ya injini, ataipenda. Msalimie Shangazi muuza majani ya sombe pale sokoni, mke wa Kaka Kasongo na mtoto wao mpya ambaye bado sijambeba, na Bibi, umwambie bado nasali rozari aliyonipa. Majirani wa ng’ambo ya barabara pia, nao wasijione wamesahauliwa.

Ukiifungua picha, Mama, usinijibu haraka. Iweke pale unapopikia, ukae nayo siku kadhaa, umtazame asubuhi na jioni. Mimi mwenyewe nilimzoea polepole, na sasa nikiwa mbali naye upande ninaoukumbuka kwanza ni ule wa kushoto.

Nakukumbatia wewe na miguu yako yote miwili.

Ni mimi, mwanao,
Feza