Nyumba za Ugiriki

Jumanne.

Fremu nimeimaliza, hasira bado ninayo. Mwenye hoteli kaniletea mchoro wa rangi za maji: mji wa bandari kwenye kisiwa cha Ugiriki, umechorwa miaka mia mbili iliyopita. Nyumba zimebanana juu ya majabali, kutoka majini hadi kileleni.

“Ona, fundi, zilivyopendeza!”

“Mzee, mbona kama kwetu mlimani, ukipatazama kutoka ziwani?”

Akacheka. “Kwenu kunaharibu sura ya mji.”

Ndivyo alivyosema hata kwenye mkutano wa jiji kuhusu bomoabomoa, akapigiwa makofi. Jana ukuta wa mama umepakwa X nyekundu. Tuhame. Nimpeleke wapi? Kijijini Magu hatuna tena hata kiwanja, na miguu yake ile...

Alipoondoka alinisisitizia niweke kioo kizuri, jua lisije likaziharibu zile nyumba.