Aliye Karibu na Kitufe ni Wifi Yangu

Mshauri wetu, nakusalimu kwa heshima, na barua hii ikiwa ndefu univumilie maana nimeiandika vipandevipande, nikipiga pasi naandika mstari, nikiitwa naacha, na sina mwingine wa kumwambia kwa sababu wote wanaonijua watacheka kwanza ndipo waulize.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, tunamwita Kababu kwa kuwa alizaliwa na mikunjo kwenye paji la uso kama mzee aliyeudhiwa, na sasa anakaribia kuanza shule. Nafanya kazi mbali na nyumbani, namtunza bibi mmoja asiyeweza kuinuka kitandani, naishi humo humo kwake, na mtoto nimemwacha kwa wifi yangu, dada wa baba yake, ambaye ni fundi cherehani. Baba yake mwenyewe alituaga asubuhi kama mtu anayekwenda kazini na hajarudi mpaka leo, basi dada yake ndiye aliyeona aibu kwa niaba yake, akaja akaniambia, "Lete mtoto, nenda katafute, mimi na cherehani yangu hatuendi popote." Sijamsahau kwa hilo, na nataka ulijue mapema, maana nitakayoyasema mbele yatanionyesha kama mtu asiye na shukrani.

Kabla sijaondoka nilikuwa nachapa barua za watu na kutoa kopi kwenye duka la kompyuta, na mwenye duka, tuliyemwita Mzee Nyaya, alikuwa na duka la pili upande wa pili wa mji, na mimi ndiye niliyekuwa naziingia mashine za kule nikiwa nimekaa huku, naandika amri kwenye lile dirisha jeusi, nazirekebisha bila kunyanyuka kwenye kiti. Nilipoaga akanipa kompyuta kuukuu aliyokuwa ameiwekea mfumo uitwao Linux, kwa sababu ni nyepesi na mashine yenyewe ilikuwa imeshachoka, nikaipandisha juu ya kabati la vitambaa chumbani kwa wifi yangu, nikaiunganisha na mtandao ili niweze kuiingia kutoka popote nilipo. Wifi yangu haigusi. Nikitaka kuongea na mwanangu naifungua mwenyewe kutoka huku, sura yangu inatokea, Kababu anavuta stuli anapanda. Simu ya wifi ni ile ndogo ya kupiga na kupokea tu, na Kababu kwenye simu haongei, anatikisa kichwa akidhani namwona.

Sasa mfumo wa mashine ile umezeeka, walioutengeneza wameacha kuuhudumia, na ile programu ya kuongelea kwa picha kila nikiifungua inanionya kwamba karibuni haitakubali tena mfumo wa kizamani hivyo, nikaona nisipouboresha iko siku nitafungua nione ukuta. Lakini Mzee Nyaya alikuwa na sharti moja ambalo hakulegeza hata kwa mtoto wake wa kumzaa, kwamba mashine ya mbali huibadilishi mfumo mpaka uwe na mkono. Mkono maana yake ni mtu aliyesimama pale pale, kwa sababu mwisho wa kazi lazima izimwe na kuwashwa upya, na ikigoma kuwaka wewe wa mbali umeshafungiwa nje, utapiga hodi mpaka uchoke na ndani hamna mtu. Sharti hilo nimelivunja, mshauri. Mchana mmoja bibi amelala nikakaa chumba cha kufulia nikaanza, nikaiendesha kazi yote ndani ya ile programu inayoishikilia hata mtandao ukikatika, mambo mapya yakashuka, yakapangwa, katikati ikaniuliza kama nibakize lile faili langu la zamani linalolinda mlango ninaoingilia au niweke jipya, nikabakiza la zamani, ikaendelea, ikamaliza, ikaniandikia kwa adabu kwamba kimebaki kitu kimoja tu, kuwashwa upya. Na hapo ndipo nilipokwama. Kidole kiko juu ya kitufe na hakishuki.

Na kuiacha hivyo pia siwezi, mfumo nusu mpya nusu wa zamani, kwa sababu kule umeme unakatika ovyo, na ukikatika ukarudi mashine itajiwasha yenyewe, nitake nisitake, pengine mimi niko namgeuza bibi ubavu sina habari.

Utaniuliza kwa nini nisimwombe wifi asimame pale. Ndiyo maana nimekuandikia.

Mshauri, nilianza kusikiliza. Sikuanza kwa ubaya. Siku moja tulikuwa tumemaliza kuongea na Kababu, nikafunga picha, nikakumbuka kwamba kinasa sauti naweza kukifungua kwa amri moja na hakuna taa inayowaka, nikasema nimsikie tu akicheza, basi. Nikamsikia anamuuliza shangazi yake, "Mama amekwenda wapi sasa?" Shangazi akamwambia, "Amerudi kazini." Akauliza, "Kazi yake iko humu ndani?" Akajibiwa, "Humu atatosha wapi na lile umbo? Teremka kwenye stuli utaanguka." Nikacheka peke yangu na nguo za watu mkononi. Kesho yake nikasikiliza tena, na tena, ikawa ndiyo redio yangu, sikio moja kwa bibi, sikio moja kwa wifi, cherehani inalia, Kababu anaongea na vifungo vya nguo. Nikaweka hata programu ya kunisaidia, inaanza yenyewe kila mashine ikiwaka, na ikianza hutokea kidirisha kidogo kwenye skrini ambacho huwa nawahi kukifunga kutoka huku.

Ndipo nikasikia Kababu anamwita wifi yangu mama. Mara ya kwanza wifi alimkatalia, "Mimi shangazi, mama yako unamjua." Mara nyingine akamkatalia tena. Halafu ikafika siku mtoto akaita, cherehani ikasimama, wifi akaitika, "Abee."

Nilimwaga maji ya moto siku ile, bahati hayakumpata bibi.

Kisha akaja mteja wake mmoja, Mama Lesi, tunamwita hivyo kwa sababu hashoni nguo isiyo na lesi, na haya nakuandikia kama nilivyoyasikia. Mama Lesi akasema, "Huyu mtoto anakuita mama siku hizi?" Wifi akasema, "Nilikuwa namkataza, nikachoka." "Na mama mwenyewe?" "Mwenyewe yuko juu ya kabati." Wakacheka wote wawili. Halafu wifi akaacha kucheka, akasema, "Usione nacheka. Siku akiongea naye, usiku lazima akojoe kitandani. Kukicha hali chakula, anakaa anaitazama ile skrini nyeusi mpaka nimtoe nje kwa kumbeba. Siku mashine hii ikifa mtoto huyu atapumzika." Mama Lesi akamwambia, "Si uizime, useme imekufa?" Wifi akasema, "Siizimi. Si yangu." Cherehani ikaanza tena, sikusikia zaidi.

Mimi nimebaki na hilo moja kichwani, atapumzika. Nakosha vyombo, atapumzika. Namlisha bibi, atapumzika. Sasa huyu ndiye niende nikamwombe asimame mbele ya mashine, abonyeze nikimwambia bonyeza, na kidirisha cha kinasa sauti kimtokee usoni ajue nilikuwa namsikiliza ndani ya chumba chake mwenyewe. Je, niiwashe peke yangu nikitegemea bahati, au nimwite mtu ambaye mimi ningekuwa yeye labda ningekosea kitufe makusudi? Mtoto wangu ni huyo mmoja na njia ya kumwona ni hiyo moja. Naomba unijibu mapema, huko nyumbani mawingu yameshaanza kufunga na umeme wetu unajulikana.

Ni mimi, Mama Kababu

* * *

Mama Kababu,

Pole. Nimekusoma nikasimama, nikanywa maji, nikarudi kukusoma tena, na sasa nitakwambia mambo mengine usiyoyapenda, kwa hiyo kaa chini kama unaweza kukaa.

Nianze na mashine kwa kuwa ndiyo rahisi. Barua yako nilimpa fundi wa kompyuta wa hapa gazetini, akaisoma akiwa amesimama mlangoni, akaniuliza, "Nani yuko pale?" Nikamwambia wifi yake. Akasema, "Basi mkono anao, analialia nini?" Mafundi ndivyo walivyo, usimweke moyoni. Alipotulia alisema faili la mlango ulivyolibakiza ulifanya vizuri, ila uhakikishe programu ya huo mlango bado imepangwa kuanza mashine ikiwaka. Picha na sauti za mtoto zilizomo nakili uzihamishie huko uliko, leo, kabla ya chakula. Anasema kinachoogopwa zaidi kwenye mashine kuukuu ni mfumo mpya kushindwa na ile skrini, inabaki nyeusi, na dawa yake inataka mtu mwenye macho pale: kukibonyeza kitufe kwa kukishikilia mpaka izime kabisa, kuiwasha tena, na orodha ikitokea kushuka kwenye mstari unaotaja mfumo wa zamani na kuuchagua. Mtu anayetunga uzi kwenye sindano kila siku hatashindwa kuhesabu mistari ya orodha. Wewe uwe kwenye simu, umwelekeze polepole, usimpigie kelele. Na Kababu siku hiyo apelekwe kwa jirani. Mashine ikifa, isife mbele yake.

Sasa hilo la kusikiliza. Ulifanya vibaya, na unajua, ndiyo maana umeliandika katikati ya barua kama mtu anayeficha shilingi kwenye unga. Yule mwanamke amekupa nyumba yake na usingizi wake, na wewe ukamwekea sikio juu ya kabati. Chumbani kwake anavua nguo, anaongea na wateja, pengine analia pia, hukuniambia. Hiyo programu ing'oe leo kabla ya jambo lingine lolote, usiifiche, ing'oe. Kisha umwambie. Usimsomee kila neno ulilolisikia, hilo litakuwa kumchapa. Mwambie tu, "Wifi, nilikuwa nasikiliza, nimeacha, nisamehe." Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize, na akikata simu usimpigie tena siku hiyo.

Unaniuliza kama atakosea kitufe makusudi. Mwenzangu, umesikia maneno mengi ukashika moja. Ameambiwa na rafiki yake aizime asingizie imekufa, hakuna wa kumwona, wewe mwenyewe usingejua, na amekataa. Amekataa akidhani yuko peke yake na Mama Lesi. Unataka ushahidi gani mwingine juu ya mtu? Aliyekutisha ni mtu mchovu aliyesema kweli kuhusu mtoto mwenye huzuni, na hiyo kweli wewe umeipita mbio. Mwanao anakojoa kitandani kila mkiongea. Hali chakula. Hilo umeliandika kama kosa la wifi yako, na si lake. Wala si lako lote, lakini ni lako zaidi kuliko lake. Muwe na saa inayojulikana ya kuongea, mapema mchana, maongezi mafupi, na shangazi yake akae naye kwenye stuli, asiwe nyuma na cherehani. Ukimaliza usifunge ghafla. Mwambie mtoto unakwenda kufanya nini, na mwachie yeye akuage kwanza.

Halafu kuna jambo la mwisho, na hili silipaki sukari. Nimeirudia barua yako nikitafuta siku utakayorudi. Mashine umenieleza vizuri hata mimi nisiyejua nimeelewa. Siku haimo. Huenda mwajiri wako amekunyima ruhusa, huenda ukirudi hakuna kitakachowalisha, huenda unaogopa kufika mlangoni mtoto akajificha nyuma ya gauni la mwingine. Sikuhukumu, najua watu hawaendi mbali kutembea. Lakini mtoto wa umri ule anaweza kungoja kitu chenye siku. Kusubiri skrini hawezi, na ndicho mnachomfanyisha. Kaa na nafsi yako uamue: unarudi, au unamchukua, au hakuna kati ya hayo kwa sasa. Hata hilo la tatu ni jibu, ingawa linauma, na linauma zaidi likifichwa.

Kwa hiyo mpigie wifi yako kesho kwenye ile simu yake ndogo, kabla hujaiwasha upya mashine. Muombe radhi kwanza, halafu mwambie siku unayorudi. Kama huna, mwambie huna, kwa maneno hayo hayo, usiyapambe. Akishajua hivyo, mtoto akimwita mama, mwache aitike.