Makwapa ya Roboti

Nyuma ya kanisa,
Pagsanjan, Laguna,
Ufilipino.
12 Juni 1988

Mpendwa dada yangu Rosenda,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima, kile kikohozi ulichoniandikia kiwe kimekwisha, na huyo mama unayemfanyia kazi hapo Hong Kong awe amekupa blanketi la pili kama alivyoahidi. Mimi naamka kila siku, namshukuru Mungu. Magoti yananiuma mvua ikikaribia, lakini nani wa umri wetu asiyeumwa mahali.

Mama mkubwa, mama yako, hajambo. Anakula, analala, anawagombeza kuku. Picha yako ameiweka chini ya Moyo Mtakatifu na huipangusa kila jioni kabla ya rozari. Usiwe na hofu juu yake.

Sasa nikuambie jambo ambalo lote zima sijamwambia mtu ila Padre. Nilikuwa na wivu, dada, na nikisema nilikuwa, tayari nimedanganya kidogo.

Wale Wamarekani wa filamu walirudi baada ya Pasaka. Safari hii si ya vita vya msituni, ni ya roboti. Hadithi yenyewe fupi: mashine zimeasi na zinawinda watu, ila roboti moja lenye umbo la mtu limekataa, linamlinda mjane na kijiji chake. Ni filamu ya watu wasio na fedha. Vazi la roboti lilikuwa moja tu, turubai na mpira wa ndani wa tairi, limepakwa rangi ya fedha, na kichwa chake ni kama ndoo yenye macho. Likichanika asubuhi lazima lishonwe kabla ya mchana. Wakaniita mimi kwa kuwa ndiye ninayeshona nguo za sanamu ya Mama wa Mateso pale kanisani.

Yule mwigizaji wao mkuu huonyesha uso tu. Kukimbia, kuanguka na kubeba watu wakampa mume wangu Ruperto, kwa sababu mtu aliyesukuma mitumbwi ya watalii kwenye maporomoko miaka ishirini na mbili ana mgongo wa kazi hiyo. Nilifurahi. Nilisema tutakuwa pamoja kutwa, yeye ndani ya vazi na mimi pembeni na sindano.

Tatizo ni huyo mjane wa kulindwa. Mwigizaji aliyeletwa kutoka Manila aliona ruba mguuni siku ya kwanza, akapanda gari akarudi. Basi wakamchukua Nieves. Unamkumbuka, yule anayeuza keki za mchele mlangoni pa kanisa, aliyefiwa na mume mwaka ule wa kimbunga. Hakuna alichotakiwa kusema. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele na kuokolewa.

Dada, aliokolewa. Aliokolewa mtoni, akaokolewa kwenye matope, akaokolewa juu ya daraja. Kila akiokolewa Ruperto anamkumbatia, anamgeuza, anapokea risasi za uongo mgongoni. Mimi nilipoteguka kifundo cha mguu mwaka juzi nilikwenda kwa daktari nimekaa nyuma ya baiskeli ya jirani, maana Ruperto alikuwa na watalii. Sikumlaumu wakati ule. Nilianza kumlaumu mwaka huu, mwezi wa tano, nimekaa kwenye kigoda naangalia.

Bebang, aliyekuwa akiwapikia, ndiye aliyenimaliza. Alikuwa anagawa wali akaniambia mbele ya wenzake, "Petang, mwenzio leo kabebwa mara saba. Wewe siku ya harusi ulibebwa mara ngapi?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikajichoma sindano.

Nilisali. Nilimwomba Mama wa Mateso aniondolee moyo ule, na yeye ananielewa, mimi ndiye ninayemvalisha. Lakini sikungoja jibu. Jumatano moja vazi lililetwa limechanika makwapani, kama kawaida, na mimi nikachukua uzi wa kuvulia samaki, ule usiokatika, nikashona pale palipochanika kisha nikashuka vidole vinne zaidi kila upande, mkono na ubavu pamoja. Mtu akilivaa, mikono yake haipandi juu ya kifua wala haizunguki mwili wa mwenzake.

Unadhani Mungu alinisaidia? Yule mwongozaji, Bwana Dutton, alipoona roboti linatembea na mikono imekakamaa alifurahi mno. Efren anayewatafsiria akasema bwana mkubwa anasifu sana, hivyo ndivyo mashine inavyotembea, siku zote Ruperto alikuwa anatembea kama mpiga kasia. Na kwa kuwa roboti sasa haliwezi kumkumbatia Nieves, wakaamua Nieves ndiye alikumbatie roboti. Alining'inia shingoni mwa mume wangu siku tatu, dada. Siku tatu. Na uzi ni wangu.

Ruperto mwenyewe alidhani mpira umejikunja kwa jua. Hakuniuliza. Hilo nalo liliniuma, kwamba mtu anavaa kazi ya mkono wangu na haisomi.

Jumamosi ndiyo ilikuwa ya mwisho. Walikuwa wamejenga kibanda cha mianzi ukingoni mwa mto ili kilipuliwe. Kibanda kimoja, baruti ya mara moja, vazi moja. Roboti litoke mlangoni na Nieves, nyuma yao kilipuke, moto ushuke juu ya mlango, na roboti liinue mikono kukinga kichwa chake na cha Nieves. Padre alibariki mahali na watu. Wakafanya jaribio bila moto. Mikono haikupanda.

Bwana Dutton akasema si kitu, ainame tu. Efren akamuuliza Ruperto kama ataweza. Ruperto akajibu ataweza. Ndivyo alivyo, hata mto ukifurika husema ataweza.

Mimi nilikuwa nimeona magunia yaliyolowa mafuta yakifungwa juu ya ule mlango. Nikanyanyuka kwenye kigoda. Nikaenda hadi mbele ya kamera, watu wote wanatazama, jua limeanza kushuka na Bwana Dutton anaonyesha saa yake, nikamwambia Ruperto, "Mpira haujajikunja. Ni mimi. Nilikushona ili usimkumbatie Nieves."

Efren hakutafsiri. Ile ndoo yenye macho ikanitazama na mimi sikuweza kujua ndani yake kuna uso gani.

Nieves ndiye aliyesema. Akasema, "Dada Petang, mumeo ananuka mpira na jasho. Mchukue, mama, mimi nina keki zangu za kuoka." Watu wakaangua kicheko. Alikuwa ananisaidia, najua. Lakini moyo wangu, badala ya kushukuru, uliuliza amejuaje jasho lake.

Mkasi haukuingia pale, nafasi ilikuwa ndogo. Nikakata ule uzi kwa meno, kichwa changu kiko kwapani mwa mume wangu mchana kweupe mbele ya Wamarekani. Nikatema vipande, nikahamia upande wa pili. Yeye aliinua tu mikono kidogo kidogo kadiri ninavyofungua.

Kisha wakalipua. Moto ulishuka mapema kuliko walivyopanga, dada. Nilimwona akitoka na mikono yote miwili juu, imefunika kichwa cha Nieves na ile ndoo. Mpira wa mkono wa kushoto ukashika moto. Walimmwagia maji. Ana jeraha kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, linapona, nalipaka mshubiri asubuhi na jioni. Vidole vinne vya uzi, Rosenda. Usiku huo nililia mpaka kwikwi.

Padre alinipa kitubio: kila Jumapili kwa mwezi mzima ninunue keki ya mchele kwa Nieves na niile pale pale mbele yake. Nimekula mbili. Ni tamu, na hilo nalo linaniudhi.

Siku ya tano baada ya moto, nikimfunga bendeji, Ruperto akasema, "Mle ndani naona kwa tundu moja tu, Petang. Sijui kamera iko wapi. Efren aliniambia, kamera iko ubavuni mwa kigoda cha mkeo. Basi nilikuwa nakutafuta wewe." Nikamwuliza hata alipokuwa amembeba? Akasema hata hapo. Nikafunga bendeji. Nusu ya moyo wangu ilimwamini papo hapo. Nusu nyingine ndiyo inayokuandikia.

Efren anasema filamu haitaonyeshwa huku kwetu. Itauzwa kwa kanda, na Hong Kong zitafika kabla ya Krismasi. Siku yako ya mapumziko, nenda kwenye duka la kukodisha, ulizia ile ya roboti na mjane. Usitazame mikono, mikono ni kazi. Tazama kichwa cha roboti anapombeba. Kikiwa kimeelekea kwako unayetazama, basi amesema kweli, kwa maana mimi nilikuwa hapo. Kikiwa kimemwelekea Nieves, niandikie tu kwamba kanda hukuipata.

Wasalimie wenzako mnaosali nao Jumapili, hasa Consing. Mama mkubwa anakusalimu, Ruperto anakusalimu kwa mkono wa kulia, na mwanangu Ligaya anasema asante kwa viatu. Mama wa Mateso akufunike kwa vazi lake, ambalo nimelifua jana, na Mwanae akurudishe nyumbani ukiwa na nguvu zako.

Ni mimi nikupendaye, na nisiyekuficha kitu,
Perpetua