Nimevisha Pete, na Sijaoa

Jumapili mchana. Joto la kuchemsha ubongo, Kariakoo yote inatokota, na mimi nimenuna.

Jana alfajiri nilikuwa matopeni, pale Mto Msimbazi unapoingia baharini. Tuko kikundi cha kujitolea. Tunatega nyavu, tunanasa ndege wa pwani, wale wenye miguu kama njiti, tunawavisha pete ya chuma yenye namba, tunawapima, tunawaachia. Ndege akinaswa tena kwingine, watu wanajua kapita wapi.

Nilipotoka huko nikapitia kijiweni kunywa kahawa. Kwa mdomo wangu huu usio na breki nikawaambia wazee wenzangu: "Leo nimemvisha pete mmoja, mwembambaaa, katoka zake Urusi."

Nilijua wataelewa vibaya. Ndicho nilichotaka.

Adhuhuri haijaingia, habari ishafika Ilala kwa binti yangu Zuhura: baba kachumbia Mrusi.

Alasiri wakanijia sebuleni. Zuhura, mumewe Shabani, na shemeji yangu Bi Mwajuma, dada wa marehemu mke wangu, kajifunga kanga kama kaja msibani. Shikamoo ya Zuhura ilikuwa kavu. Nikaitikia marahaba kwa madaha, bwana harusi mtupu.

"Baba, huyo mwanamke yuko wapi?"

"Nimemwachia asubuhi ileile."

"Astaghfirullah!" Bi Mwajuma akaruka. "Shemeji, umechumbia na kuacha siku moja?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu nikawaambia ukweli: ni ndege. Kitwitwi wa matopeni, wale wanaohama toka Urusi.

Nilidhani watacheka na wao. Wapi! Shabani akatazama sakafu, akasema, "Mzee, bora ungeoa. Mke tungewaeleza watu wakatuelewa. Matope, umri huu, tutawaeleza nini?"

Zuhura akayatia magambuti yangu kwenye kiroba, akaondoka nayo. "Huendi tena, baba. Unatuaibisha."

Hapo sikucheka.

Mimi nimeishia darasa la nne. Maisha yangu yote nimebeba magunia sokoni, na hakuna aliyewahi kunisifia mikono. Kule matopeni, yule dada msomi anayetuongoza, akipata ndege anayehangaika sana, ananipa mimi. Shingo naipitisha katikati ya vidole viwili, mgongo unalala kiganjani. Moyo wake unapiga mbio, mbio, halafu ndege anatulia.

Anatulia mkononi mwa mpagazi.

Nikiri na hili: tangu mke wangu afariki, hakuna kingine kilichowahi kutulia mkononi mwangu.

Sasa niache kazi hiyo, nikae barazani nife kwa heshima? Heshima ya nani? Ya Shabani?

Siachi.

Leo asubuhi nimekwenda Mtaa wa Kongo, nimenunua magambuti mapya. Muuzaji alinipa meusi. Nikamwambia lete ya njano, yale ambayo rangi yake inapiga kelele. Nikayavaa hapohapo, nikatembea nayo mpaka Ilala, jua kali, barabara kavu, watoto wananizomea. Nikapita mbele ya mlango wa Zuhura, polepole, nikarudi, nikapita tena.

Akachungulia dirishani. Mimi nikampungia mkono.

Jumamosi maji yanakupwa mapema na mimi nimo. Akitaka kunizuia, aje anikamate humohumo matopeni.